Utangulizi wa saikolojia kwa elimu ya masafa: Yampasayo kujua anayesomea nyumbani

KOZI ya utangulizi wa saikolojia ni miongoni mwa zile ambazo mwanafunzi wa elimu ya masafa hukutana nazo mapema, awe anasomea ualimu, uuguzi, kazi ya jamii, usimamizi wa biashara au uchungaji. Wengi hujisajili wakidhani ni somo jepesi, kwa kuwa linahusu mambo yanayoonekana kila siku: hasira, usahaulifu, woga, mapenzi na tabia za watoto. Wiki chache baadaye hujikuta wamezungukwa na majina ya sehemu za ubongo, hesabu za takwimu na nadharia zinazopingana, ilhali mhadhiri yuko mbali na mwenza wa kujadiliana naye hayupo.

Anayesoma kwa njia hii aghalabu ni mtu mzima mwenye kazi na familia. Karo ameitoa mfukoni mwake, pengine kwa mkopo wa chama, na muda ameupunguza katika usingizi wake. Akiachia njiani, hasara yake si ya fedha pekee. Wapo wanaobaki na imani kwamba akili zao ndizo zilizopungua, hali tatizo lilikuwa namna walivyosoma. Kwa bahati njema, saikolojia ni somo ambalo lenyewe lina mengi ya kusema kuhusu jinsi binadamu anavyojifunza, na mwanafunzi makini anaweza kuyatumia hayo tangu wiki ya kwanza.

Chimbuko la kusomea mbali

Elimu ya masafa haikuanza na intaneti. Mwaka wa 1840, Mwingereza Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa njia ya posta, akiwatumia wanafunzi mazoezi nao wakimrudishia kazi zao azisahihishe. Mwaka wa 1858, Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watahiniwa ambao hawakuwa wamesomea katika vyuo vilivyoshirikiana nacho.

Barani Afrika, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini (UNISA), kilichoasisiwa mwaka wa 1873, kiligeukia ufundishaji wa masafa mwaka wa 1946. Nelson Mandela alipata shahada yake ya kwanza kupitia chuo hicho mapema katika miaka ya 1940, na ile ya sheria mwaka wa 1989 angali kifungoni. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipewa hati yake mwaka wa 1969 na kuwapokea wanafunzi wa kwanza Januari 1971, kikiwafikia kwa vifurushi vya posta pamoja na vipindi vya redio na televisheni vya BBC.

Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka wa 1992. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya elimu kwa njia ya masafa katika miaka ya 1980, walimu wakiwa ndio walengwa wakuu. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023.

Vyombo vimebadilika, kutoka barua hadi redio, kanda za kaseti na sasa simu ya mkononi. Kazi ya mwanafunzi ingali ile ile: kusoma peke yake, kuandika, kutuma, kusubiri masahihisho na kurudia.

Saikolojia ni nini?

Saikolojia ni taaluma inayochunguza tabia na michakato ya akili kwa njia ya kisayansi. Neno 'kisayansi' ndilo linaloitenga na unajimu, na hata na busara ya kawaida. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwanasaikolojia haikatai methali hiyo wala haikubali papo hapo, bali huigeuza kuwa swali: Je, ni kwa nini ndugu wawili waliolelewa chini ya paa moja hutofautiana sana? Malezi yana uzito gani, na urithi una uzito gani? Kisha hutafuta ushahidi unaoweza kupimwa na wengine.

Wanafunzi wengi huchanganya mwanasaikolojia na daktari wa magonjwa ya akili. Huyu wa pili amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea katika maradhi ya akili, na ana idhini ya kuandikia wagonjwa dawa. Mwanasaikolojia amesomea tabia na akili. Akiwa wa tawi la tiba, hutibu hasa kwa mazungumzo na mbinu za kubadilisha fikra na mwenendo. Mshauri nasaha naye ana mafunzo yake tofauti. Anayesoma kozi ya utangulizi bado hajawa yeyote kati ya hao watatu.

Yaliyomo katika kozi

Ingawa vyuo hutofautiana, mpangilio wa kozi hii hukaribiana kote duniani. Huanza na historia. Mjerumani Wilhelm Wundt alifungua maabara ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Leipzig mwaka wa 1879, na mwaka huo ndio huhesabiwa kuwa wa kuzaliwa kwa taaluma hii kama sayansi inayojitegemea. Mmarekani William James alichapisha kitabu chake kikuu kuhusu kanuni za saikolojia mwaka wa 1890. Sigmund Freud wa Vienna alielekeza macho kwenye yale ambayo mtu hayatambui ndani ya nafsi yake. Mwaka wa 1913, John B. Watson alidai kwamba sayansi hii iachane na fikra zisizoonekana na ishughulikie tabia pekee. Kuanzia miaka ya 1950, watafiti walirejea kwenye akili. Mwaka wa 1956, kwa mfano, George Miller alieleza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takriban vitu saba kwa wakati mmoja, ikizidi au kupungua kidogo.

Baada ya historia huja mbinu za utafiti, kisha ubongo na neva, hisi na ufasiri wa yanayohisiwa, kujifunza, kumbukumbu, lugha na fikra, ukuaji wa mtoto, motisha na mihemko, haiba, maradhi ya akili na tiba zake, na mwisho tabia ya mtu akiwa miongoni mwa watu. Mada ya ubongo na ile ya mbinu za utafiti ndizo huwakatisha wengi tamaa, nazo kwa kawaida huja mwanzoni. Anayelijua hilo mapema hatakimbia, kwani sura zinazofuata huwa karibu zaidi na maisha ya kila siku.

Dhana zinazowatatiza wengi

Baadhi ya dhana huwapotosha wanafunzi mwaka baada ya mwaka, hasa wasio na mwalimu wa kuwasahihisha papo hapo.

Ya kwanza ni tofauti kati ya uhusiano na kisababishi. Msimu wa mvua, mauzo ya miavuli huongezeka na wagonjwa wa malaria pia huweza kuongezeka. Mambo hayo mawili yanahusiana, ila mwavuli hauleti malaria. Mvua ndiyo inayoyasababisha yote mawili, kwa kuwafanya watu wajikinge na kwa kuacha vidimbwi ambamo mbu huzaana. Mwanafunzi akisoma kwamba watoto wanaotazama televisheni sana hupata alama duni, sharti ajiulize iwapo kuna 'mvua' iliyojificha nyuma ya mambo hayo.

Ya pili ni uimarishaji hasi, ambao wengi huuita adhabu. Neno 'hasi' hapa halina maana ya ubaya. Maana yake ni kuondoa. Gari hulia mlio wa kuudhi hadi dereva afunge mkanda, kisha mlio hukoma. Kukoma kwa kero hiyo humfanya aufunge mkanda mapema siku nyingine. Tabia imeimarika, ndiyo maana huitwa uimarishaji. Adhabu hukusudia kinyume chake, yaani kuidhoofisha tabia. Dhana hizi hutokana na kazi ya B. F. Skinner, na maswali yake hayakosi katika mitihani.

Ya tatu ni kuchanganya kujifunza kwa Skinner na kule kwa Ivan Pavlov. Mrusi huyo, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904 kwa utafiti wake kuhusu mmeng'enyo wa chakula, aligundua kwamba mbwa walianza kudondokwa na mate kabla hata ya kuonja chakula, mara tu walipopata ishara iliyozoea kutangulia mlo. Kwa Pavlov, mnyama huunganisha ishara na kinachofuata bila hiari yake. Kwa Skinner, mnyama hutenda jambo, na matokeo ya tendo huamua iwapo atalirudia.

Funzo la Ebbinghaus

Hakuna mtafiti anayemfaa mwanafunzi wa masafa kuliko Mjerumani Hermann Ebbinghaus, kwani naye alifanya kazi peke yake. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri katika orodha, kisha akapima muda uliohitajika kuzikariri upya baada ya saa, siku na wiki kadhaa. Mtafiti na mtafitiwa walikuwa mtu mmoja. Matokeo aliyachapisha mwaka wa 1885.

Aligundua kwamba usahaulifu huenda kasi sana mwanzoni, kisha hupungua mwendo. Baada ya siku moja, kukariri upya orodha ile ile kulimwokolea takriban thuluthi moja tu ya muda alioutumia mara ya kwanza. Baada ya mwezi, alichookoa kilikuwa takriban sehemu moja kwa tano. Aidha, aliona kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali yalikuwa na faida kuliko marudio mengi yaliyorundikwa kwa wakati mmoja.

Funzo lake ni wazi. Anayesoma sura nzima Jumamosi na kuiacha hadi mkesha wa mtihani hujiibia mwenyewe. Anayeirudia kesho yake kwa dakika ishirini, tena baada ya siku nne, na tena baada ya wiki mbili, hutumia muda usio mwingi na huvuna zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Utafiti mwingine ulichapishwa mwaka wa 2006 na Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani. Wanafunzi walisoma kifungu cha maandishi. Baadhi yao wakakisoma tena, wengine wakaombwa kuandika walichokikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara ya pili ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56 ya habari, na waliorudia kusoma takriban asilimia 42.

Kusoma tena humpa mtu hisia kwamba amejua, kwa sababu maandishi yanaonekana ya kawaida machoni pake. Anayefunga kitabu na kuandika anachokumbuka hugundua mapengo yake kabla mtahini hajayagundua. Hili ni muhimu mno kwa asiye na mwalimu wa kumwuliza maswali.

Uganda katika historia ya saikolojia

Vitabu vingi vya kozi hii huandikwa Marekani na Uingereza, na msomaji wa huku huweza kudhani kwamba eneo lake halimo. Mojawapo ya nadharia mashuhuri za malezi, hata hivyo, ilipata ushahidi wake wa mapema jirani na Kampala.

Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka wa 1954, mumewe alipopata nafasi ya utafiti katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Awali alikuwa amefanya kazi jijini London na John Bowlby, aliyeshikilia kwamba uhusiano wa mtoto mchanga na mlezi wake ni hitaji la msingi na haujengwi na chakula pekee. Akisaidiwa na mkalimani, Ainsworth alizitembelea familia 26 za vijiji vya Waganda kwa miezi kadhaa, akiwatazama watoto 28 majumbani mwao. Aliona jinsi mtoto anavyotambaa kwenda kuvinjari, kisha kugeuka kumtazama mama au kumrudia, kana kwamba mama ni kituo chake cha usalama. Aliona pia kwamba watoto hawakulingana: wapo waliotulia, na wapo waliolia hata wakiwa mikononi mwa mama.

Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilichapishwa mwaka wa 1967. Baadaye alifanya utafiti mwingine Baltimore, Marekani, ambako alibuni jaribio maarufu la kumwacha mtoto kwa muda mfupi katika chumba asichokizoea na kutazama anavyompokea mama anaporejea. Wanafunzi hukariri jaribio hilo la Baltimore na kusahau kwamba maswali yake yalianzia Uganda.

Nadharia si sheria

Kosa kubwa la mwanafunzi mgeni ni kuamini kila kilichochapishwa. Mwaka wa 2010, Joseph Henrich na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walionya kwamba sehemu kubwa mno ya tafiti za saikolojia imefanyiwa watu wa mataifa tajiri ya Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu. Walinukuu hesabu kwamba asilimia 96 ya waliotafitiwa walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Msomaji wa Kisumu au Lamu ana haki ya kuuliza iwapo yaliyoandikwa yanamhusu.

Miaka mitano baadaye, kundi kubwa la watafiti lilitangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokuwa zimechapishwa katika majarida ya saikolojia. Ni asilimia 36 pekee kati ya marudio hayo zilizotoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Taaluma haikuficha aibu hiyo. Iliijadili hadharani na kubadilisha baadhi ya taratibu zake.

Maadili ya utafiti nayo ni mada nzito. Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale alianza majaribio yake mwaka wa 1961, akiwaagiza watu wa kawaida wamwadhibu mtu mwingine kwa mishtuko ya umeme ambayo, bila wao kujua, haikuwa ya kweli. Katika matokeo aliyochapisha mwaka wa 1963, watu 26 kati ya 40 waliendelea hadi kiwango cha mwisho cha volti 450. Utafiti huo hufundishwa kwa sababu mbili: unavyoeleza utiifu, na maswali unayoibua kuhusu kuwahadaa na kuwatesa kifikra watafitiwa.

Kupanga muda

Anayesomea nyumbani hana kengele wala mwenzake wa dawati. Akitenga saa moja na nusu kwa usiku nne kila wiki, hupata saa 6. Katika muhula wa wiki 15, hizo ni saa 90, muda unaoweza kutosha kozi moja akiutumia ipasavyo. Akiukosa usiku mmoja tu kila wiki, anapoteza zaidi ya saa 22.

Yafaa aandike tarehe zote za kazi za tathmini mahali ambapo familia nzima itaziona, ili wajue ni lini asisumbuliwe. Yafaa pia ahifadhi masomo kwenye simu au kompyuta mapema, kwani stima hupotea na vifurushi vya intaneti huisha saa ambayo kazi inahitajika kutumwa. Kundi la wanafunzi wenzake kwenye WhatsApp lina manufaa likitumiwa kuulizana maswali, ila likigeuka la kupitishiana majibu, wote huingia katika chumba cha mtihani mikono mitupu.

Jambo jingine ni lugha. Istilahi nyingi za somo hili hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayejaribu kueleza dhana kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama, akimsimulia mtu wa nyumbani asiyesomea somo hilo, hujua upesi kama ameielewa au ameikariri tu.

Cheti na mipaka yake

Hapa ndipo penye hatari inayowagusa hata wasiosoma. Mtu aliyemaliza sura ya maradhi ya akili huanza kumwona kila jirani na dalili, na pengine yeye mwenyewe. Baya zaidi ni pale anapoanza kuwashauri watu walio taabani, akidhani kozi moja imemwezesha. Mtu mwenye mawazo ya kujiua, au aliyedhulumiwa kimapenzi, akipewa ushauri wa kubahatisha huweza kuumia zaidi.

Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2014 kuhusu washauri nasaha na wanasaikolojia iliunda bodi ya kuwasajili wanaotoa huduma hizo. Cheti cha kozi ya utangulizi hakimpi mtu idhini ya kufungua ofisi. Kinachompa ni ufahamu wa kutambua kwamba mwanafunzi wake darasani, mgonjwa wake wodini au muumini wake kanisani au msikitini anahitaji msaada, na busara ya kumwelekeza kwa aliyehitimu.

Kabla ya kulipa karo

Anayenuia kujisajili ana maswali matano ya kuuliza, na ayapate majibu kwa maandishi. Je, chuo kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na ikiwa ni cha nje, cheti chake kitakubaliwa nchini? Je, kozi hii itahesabiwa katika shahada au stashahada anayoilenga baadaye? Je, kuna mkufunzi aliyetajwa, na kazi husahihishwa na kurudishwa baada ya siku ngapi? Je, mtihani hufanyiwa wapi, na nauli ya kufika huko ni kiasi gani? Je, karo inajumuisha vitabu, au hivyo vina gharama yake?

Chuo kinachosita kujibu maswali hayo kabla ya kupokea fedha hakitarajiwi kuwa mwepesi wa kuyajibu baadaye. Aliyeridhika na majibu na aanze na sura ya kwanza, kisha kesho yake, kabla ya kufungua ya pili, achukue karatasi tupu na kuandika yote anayoyakumbuka.